Mageti ya Vichochoro: Tuliyojifunza Dabani

Hotuba ya wajumbe wa ulinzi kutoka Dabani, Wilaya ya Busia, mbele ya kamati ya wakazi na wageni wake



Barua yenu ilipotufikia, ikitutaka tuje katika kumbukumbu hii tueleze habari ya mageti ya vichochoro, kwanza tulitazamana. Sisi si wahandisi, wala si askari. Ni wakulima, wachuuzi, waendesha boda, na mama wawili wanaouza dagaa sokoni. Lakini mwenyekiti wetu wa LC1 akasema kwamba wapo kati yenu waliopita kwetu Januari 2008 wakiwa na watoto mgongoni, na kwamba mtu aliyewahi kunywa maji ya nyumba yako akikuita huwezi kukaa kitako. Basi tumekuja. Tutasema yaliyofaulu na yaliyotuaibisha pia, maana mkisikia yaliyofaulu peke yake mtakwenda kufanya makosa yetu upya.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Dabani iko karibu na mji wa Busia, na Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Wilaya yetu ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Pale mpakani ndipo vijana wa zamani walipobeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya, wakiita “border, border,” mpaka Afrika Mashariki nzima ikapata neno boda boda. Hilo twajivunia. Jambo tusilojivunia ni njia za panya. Tangu Februari 2018 forodha za pande mbili zimefunguliwa rasmi kufanya kazi chini ya paa moja, hata hivyo atakaye kukwepa paa hilo hupita kwenye migomba. Mahindi hupita, sukari hupita, na usiku hupita mali ya watu. Baiskeli ikiibwa kwetu saa nane za usiku, kabla ya jua kuchomoza inaendeshwa na mtu mwingine upande wa pili, na polisi wa huku hawezi kuivukia bila barua.

Sasa tueleze vichochoro vyenyewe. Mji ulipoanza kutusogelea, watu wenye viwanja walijenga vyumba vya kupanga, safu kwa safu, vile tunavyoviita mizigo. Kila safu ina mlango mbele, na nyuma ina dirisha dogo, jiko la nje, bafu la mabati na choo cha pamoja. Kati ya migongo ya safu mbili hubaki kijinjia, upana wake kama mikono miwili iliyonyooshwa. Humo ndimo maji machafu hupita, kuku hulala, na mtoto hutumwa kwa jirani kuomba chumvi. Na mwizi, ambaye si mpumbavu, haji kwa mlango wa mbele ambako watu wamekaa wakizungumza. Huja kwa nyuma. Anachukua sufuria zilizoanikwa, anavuta pazia kwa kijiti chenye ndoano, anafungua dirisha. Mama zetu walikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko sufuria, ambayo mnaijua bila sisi kuitaja: choo kiko nyuma, na usiku msichana hana budi kwenda.

Mwanzoni tulijaribu filimbi. Kila nyumba ilinunua filimbi, na kwa majuma mawili hatukulala, maana watoto walizipiga mchana na walevi walizipiga usiku. Kisha tukaweka doria ya vijana. Doria ilianza vizuri, lakini kila mmoja wenu anajua kijana asiye na mshahara, mwenye rungu, gizani, huwa ni nani baada ya miezi mitatu.

Hapa ndipo pa kusema lililotuleta.

Mwaka 2014, usiku mmoja wa mvua, mtu alipita katika kichochoro chetu. Mama mmoja alisikia hatua akapiga kelele ya mwizi, na sisi tukatoka. Hatukuuliza jina. Tulikuwa tumeibiwa mara nne mwezi ule na kila mtu alikuwa na hasira yake mkononi. Tulimpiga kwa fimbo, kwa jembe, na mmoja wetu alikwenda kutafuta petroli. Aliyemwokoa ni bibi kizee, mjane, aliyejilaza juu yake akasema kama mnachoma, chomeni wawili. Kulipopambazuka tukamtambua. Alikuwa kijana aliyevuka na wazazi wake mwaka 2008, akaenda nao Mulanda na baadaye Kiryandongo, na sasa alikuwa amerudi Busia kununua bidhaa za biashara ndogo. Gari lake lilichelewa. Alikuwa anakatiza kwa nyuma kwenda kwa familia iliyompokea zamani akiwa mtoto. Yaani alikuwa anakwenda nyumbani.

Aliishi. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Baadhi yenu mnamjua, na hatutamtaja jina, kwa kuwa hakutuomba tumtaje. Wazee wetu walikwenda kwa wazazi wake, wakaomba radhi na kulipa gharama za hospitali na ng'ombe mmoja. Tunaomba radhi tena hapa, mbele ya jamaa zake, kwa sababu siku ile walikwenda wazee peke yao, na waliopiga hawakwenda. Leo tuko watatu katika ujumbe huu tuliokuwapo kichochoroni usiku ule.

Ndipo tukaonelea kwamba tatizo letu lilikuwa na pande mbili. Mwizi alikuwa na njia ya kuingia na kutoka. Na sisi hatukuwa na namna ya kumjua mwizi na mpita njia. Kichochoro kilicho wazi gizani kinamfanya kila mtu kuwa mshukiwa. Mzee mmoja alisema katika kikao: “Nyinyi mnatafuta mlinzi, kumbe mnatafuta mlango.” Tukaanza na mlango.

Jambo lenyewe si geni. Wazee wetu Wasamia na jamaa zao Waluhya waliishi ndani ya maboma ya kuta za udongo na mahandaki. Kule Migori, Thimlich Ohinga bado imesimama, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi na myembamba, hata anayeingia lazima ainame, na aliye ndani anaona kichwa chake kwanza. Nani alihitaji polisi? Lakini tusiseme kuta ni dawa ya kila ugonjwa. Ngome ya Chetambe karibu na Webuye ilikuwa na handaki na ukuta, na mwaka 1895 jeshi la Waingereza liliivunja kwa bunduki. Boma humzuia mwizi wa kuku.

Tulianza kwa kuhesabu. Tuliwatuma watoto wa shule, ambao ndio wanaojua njia zote, watuchoree kila upenyo wa mtaa wetu. Tulidhani ni saba. Walituletea kumi na tisa. Jioni tatu mfululizo tulikaa kwenye kila upenyo tukiangalia nani anapita na kwa haja gani, na kazi hiyo ya kukaa tu na kuangalia ilitufaa kuliko fedha yote tuliyochanga. Tuligundua kwamba njia sita hazikutumiwa na mkazi yeyote baada ya magharibi. Nyingine zilikwenda kisimani, kanisani, msikitini, hospitalini. Hizo hatukuzigusa. Ndugu wa mashirika, tunawaomba mshike neno hili: msije na lori la mageti. Kujeni na daftari, mkae na mama mmoja kwenye ukingo wa njia mpaka mjue maji yanabebwa na nani, saa ngapi.

Geti la kwanza alilitengeneza fundi wetu wa kuchomelea kwa nondo na mabomba chakavu. Wengine walitaka geti la bati zima, ili pasionekane ndani. Tulikataa, baada ya ubishi mrefu. Geti zima humficha mwizi aliyekwisha kuingia. La nondo laonyesha kinachotendeka nyuma yake, na mama akiwa na tochi anaona kama kuna mtu kabla hajafika. Pale ambapo fedha haikutosha tulipanda mnyaa pande mbili tukaacha mlango mdogo wa fito katikati. Mnyaa ni rahisi, huota hata kwa kijiti kilichochomekwa, na mbuzi hauli. Ubaya wake ni utomvu: ukiingia jichoni waweza kupofusha, na watoto hupenda kuuvunja. Mtoto wa jirani yetu alilia siku mbili. Mkiupanda, upandeni mbali na mahali pa kuchezea.

Kisha ikaja habari ya ufunguo, na hapo undugu wetu ulipimwa.

Kikao cha kwanza kiliamua ufunguo ukae kwa mtu mmoja mwaminifu. Tulimchagua mzee asiyekunywa. Kwa mwezi mmoja mambo yalikuwa matamu. Wizi wa nyuma ulikoma kabisa katika safu zile. Watu wakaanza kuacha sufuria nje. Halafu mzee alikwenda kwenye matanga ng'ambo, upande wa Kenya, akalala huko, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa koti lake. Usiku huo mke wa kijana mmoja wetu alishikwa na uchungu. Boda ilikuwa imesimama upande wa pili wa geti, hatua kumi, na yule mama hakuweza kuifikia. Kuzunguka kwa mbele kulimaanisha kupita kwenye tope la mfereji, na mvua ilikuwa imenyesha. Walimbeba kwa blanketi. Mtoto alizaliwa njiani kabla ya kufika hospitali. Ni mzima, anasoma sasa, na watu humwita Kufuli, jina ambalo mama yake halipendi hata kidogo.

Tangu siku hiyo tulibadili. Geti lolote la njia ya watu halifungwi kwa kufuli upande wa ndani. Lina komeo, ambalo aliye ndani hulisukuma kwa mkono mmoja, hata mtoto, hata gizani, na limezungushiwa bati ili aliye nje asiingize mkono. Geti hufunguka kuelekea nje, kwa ajili ya moto. Fundi alilalamika kwamba bawaba za namna hiyo ni kazi mara mbili, tukamwambia afanye kazi mara mbili. Ufunguo wa upande wa nje kila nyumba inao wake, na mmoja wa akiba uko kwa mama mwenye kibanda karibu na stendi ya boda, anayekesha na chai. Ufunguo ukipotea, waliopoteza hununua kufuli jipya na funguo za wote. Kwa utaratibu huo umepotea mara mbili tu.

Mtauliza, je, wizi uliisha? Hapana. Ulihama. Katika mwaka wa pili mwenyekiti wa kijiji jirani alikuja kwetu, hakukaa kwenye kiti tulichompa, akasema: “Wezi wenu mmetuletea sisi.” Tulijitetea, lakini alikuwa na haki. Safu zao hazikuwa na mageti, na waliokuwa wakija kwetu sasa walikwenda kwao.

Jambo hili limeonekana kwingine pia, na kwa uchungu zaidi. Mmesikia habari za Dadaab, kule Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi zilizofunguliwa 1991 na 1992. Wanawake walishambuliwa huko porini wakitafuta kuni na usiku ndani ya kambi. Kuanzia 1993 UNHCR ilianza mpango wa kuwasaidia, na sehemu yake ilikuwa kuzungushia makazi uzio wa miiba, kile kile ambacho mchungaji wa ng'ombe hukifanya kila jioni. Baadaye, mwaka 1998, ukaja mradi wa kugawa kuni. Uchunguzi uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba wakati kuni zilipogawiwa kwa ukamilifu, ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua kwa asilimia 45. Lakini ule wa mahali pengine uliongezeka kati ya asilimia 78 na 113. Someni tarakimu hizo polepole. Mlango mmoja ulifungwa na mwovu akatafuta mwingine. Hatusemi mradi ulikuwa mbaya. Mwanamke mmoja aliyeokoka ni mwanamke aliyeokoka. Twasema tu kwamba anayefunga njia moja hana budi kuuliza siku hiyo hiyo ni njia ipi imebaki, na nani anaipita.

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo jambo hili lilipimwa likafaulu. Katika mji wa Liverpool, Uingereza, nyumba za wafanyakazi zimejengwa safu kwa safu kama mizigo yetu, zikiwa na vichochoro nyuma, na wezi wao wana akili sawa na wetu. Waliweka mageti 3,178. Utafiti uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba uvunjaji wa nyumba katika maeneo hayo ulipungua kwa karibu asilimia 37. Huko nako kila mkazi alikuwa na ufunguo wake. Twafurahi kusikia kwamba Waingereza, pamoja na fedha zao zote, nao walilazimika kukaa na kubishana juu ya ufunguo.

Basi yule mwenyekiti jirani tulikaa naye. Tuliwapa fundi wetu kwa siku nne na wao wakatoa nondo. Sasa vijiji viwili vina ratiba moja ya doria, na doria haina rungu. Ina tochi, daftari na namba ya simu ya LC1. Anayekutwa kichochoroni usiku huulizwa anakwenda kwa nani, kisha husindikizwa mpaka mlango huo, na mwenye nyumba husema namjua au simjui. Asiyejulikana hupelekwa kwa mwenyekiti, si kwa umati. Tangu 2015 hakuna aliyepigwa kwetu. Twawaomba mtuamini kwamba hesabu hii ndiyo tunayoilinda kuliko ya kuku na baiskeli.

Limebaki jambo moja ambalo mama mmoja wa kamati yenu alituuliza jana jioni tulipokuwa tukila, nasi hatukumjibu vizuri. Aliuliza: kama Januari 2008 mageti yenu yangekuwapo, sisi tungepita wapi?

Tulilala tukiliwaza. Wengi mnakumbuka. Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na siku zilizofuata watu walivuka Malaba na Busia, wengine barabarani, wengine kwa njia zile zile za panya, kwa kuwa aliyekuwa akikimbizwa hakuwa na muda wa kutafuta daraja. Watu wapatao 12,000 waliingia Uganda. Waliokuja kwetu walikuja usiku, kwa nyuma, kwenye vichochoro. Waligonga madirisha madogo ya jikoni. Hatukujua ni akina nani na tulifungua.

Jibu letu, mama, ni hili, na si jibu kamili. Njia ya zamani itokayo mpakani kupitia migomba mpaka barabara ya Dabani tuliiacha bila geti. Ilikuwa katika orodha ya njia sita za kufungwa, na wezi huipenda. Vijana walitaka kuifunga, na kila mwaka wanalileta tena kikaoni. Yule bibi kizee aliyejilaza juu ya kijana alisimama akasema watu hupita pale wanapokimbia, na hakuna ajuaye mwaka gani watapita tena, wala kuelekea upande upi. Akaketi. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, njia ikabaki wazi kwa kura tatu. Tumeweka taa ya jua, na nyumba ya kwanza kwenye njia hiyo inakaliwa na mjumbe wa ulinzi. Mwaka jana njia hiyo ilitugharimu pikipiki moja na mbuzi wawili, na mwenye pikipiki bado anatununia.

Kuhusu ombi lenu la kupimiwa vichochoro vya mtaa wenu wa sokoni, fundi wetu tumekuja naye. Ameleta komeo moja na bawaba mbili za mfano, na ameketi chini ya ule mwembe karibu na bomba la maji. Atakuwapo mpaka saa tisa, kwa sababu basi la Tororo halimsubiri mtu. Kina mama watangulie.